Ushuhuda wa Kalunde, Usoke

Muujiza? Weka kalamu chini kwanza, Padre.
Kunywa uji, ungali moto.
Bruda Kolumbani Luhaga hakufufua mtu,
hakupaa, hakutoka jasho la damu.
Alikuwa na ngiri, na meno mabovu,
na akianza zaburi mbwa wa misheni walitoka nje.

Andika hivi: alisugua masufuria.
Nilikuwa mtoto wa jikoni, nikimchotea majivu;
yeye na jivu, jivu na sufuria,
midomo inacheza.
Nikadhani anasali.
Kumbe anarudia neno alilopewa alfajiri na bibi yangu, Nyanzobe:
jina la mvua inayonyesha upande mmoja wa shamba
ikaruka wa jirani.
Alilirudia lisije likamwagika
kabla hajaifikia karatasi.
Alikuwa anatafuta, alisema, namna ya kuieleza neema.

Walisema anajua Kilatini na Kigiriki,
na lugha nyingine isomwayo kuanzia kulia.
Hizo hatukuzijua.
Sisi tulimjua kwa hodi yake:
kwa warina asali, kwa mkunga,
kwa Sizya mlevi ambaye hata mkewe hakumsikiliza,
amevua kofia, daftari kwapani,
"Nifundisheni. Mimi ni mjinga wa hapa."
Mjinga! Mtu aliyesoma hadi macho yakaungua!
Bibi alicheka akashika kizingiti.

Siku moja akashuka mgeni kwenye treni,
mkubwa, viatu vinalia,
amesikia sifa za mwanachuoni wa Usoke.
Akamkuta mtu kapakaa masizi.
"We, nibebee sanduku hili, kisha kamwite Bruda msomi."
Akabeba. Akaenda, akanawa, akarudi.
"Bwana, ameitwa."
Sijui kama ndio huo unyenyekevu mnaoutafuta,
au ni utani tu.
Wanyamwezi utani tunaujua.

Sasa sikiliza, na hapa usiruke.
Miaka ishirini na sita ya maneno,
madaftari kumi na tisa ndani ya sanduku la mninga.
Mninga, Padre, mti ambao mchwa anauheshimu!
Lakini kitako kilikuwa cha ubao wa kreti ya sabuni.
Masika moja akaenda Tabora kutibiwa ngiri.
Aliporudi, akafungua:
udongo.
Udongo mwororo wenye vijia vyembamba,
kama ramani ya mji usio na jina.
Ilibaki kona moja ya karatasi. Ilikuwa na nukta.

Tulingoja alie.
Mayunga mpishi alikwisha kushika kitambaa.
Bruda akainama, akauchota kwa viganja viwili,
akaunusa.
"Na wao wamesoma," akasema,
"tena wamemaliza kabla yangu."
Akaupeleka bustanini, kwenye bamia.

Usiku nilimsikia mwenyewe, sikusimuliwa,
nyuma ya ghala, analia kama ndama.
Liandike na hilo.

Kulipokucha, kabla ya kengele, hodi kwa bibi.
Kofia mkononi. Daftari jipya, la hesabu, la viboksi,
la mkopo, dukani kwa Salumu.
"Mama Nyanzobe, nimesahau yote. Tuanze."
Hakuwa amesahau. Niliuona uso wake.
Bibi safari hii hakucheka.
Alivuta kigoda, akampa neno la kwanza,
lile tunalopeana asubuhi
tukikutana bado tuko hai:
"Wangaluka."
Akaliandika taratibu,
kama mtu anayelisikia leo,
akapuliza wino ukauke.

Ndiyo hivyo. Alikufa yuko daftari la saba.
Yaliyobaki ninayo mimi, hapa, chini ya kitambaa;
alinifundisha kuyarudia nikisugua,
yasimwagike.
Uji wako umepoa.
Una karatasi ngapi, Padre?